Tetekuwanga ya Mkeka Mmoja

Dindira, Korogwe

Mdogo wangu Obadia,

Huku mvua haijatunyima, chai inachipua, na ukungu bado unaingia jikoni bila hodi.

Nimefurahi kusikia kwamba huko ughaibuni unapima damu za watu waliorudi kutoka safari za angani. Umeniandikia kuwa kule juu askari wa mwili husinzia, na maradhi ya utotoni yaliyojificha huamka. Nikakumbuka tetekuwanga yetu. Ulipougua wewe, mama alinilaza nawe mkeka mmoja makusudi, niipate, tuugue pamoja yaishe. Alituogesha maji ya majani machungu, tukanuka kama mbuzi, tukachekana.

Kumbe haikuisha. Imenirudia mbavuni, ndiyo huu mkanda wa jeshi, nami hata ndege sijapanda. Daktari wa Korogwe amenipima damu, akasema nirudi kuchukua majibu na mtu wa nyumbani. Tangu mama atutoke, nyumbani ni mimi na kuku.

Umesema hao wakirudi duniani, askari wao huamka. Mimi niko duniani tayari, mdogo wangu, na wangu bado wamelala. Panda wewe mlima, uje tuyafuate majibu.

Dada uliyelala naye mkeka mmoja,
Emiliana