Safari Sitini Chumbani kwa Mama Yako

Tamar, mtoto niliyekulea,

Sijui kama Kiswahili bado unacho. Ulipokuwa na miaka mitano ulikisema kuliko lugha nyingine yoyote, kwa sababu mama yako alizaliwa Nakuru, akakinyonya kwa waliomlea, akakurithisha na wewe. Kama umekisahau, namwomba huyo atakayekusomea barua hii akufasirie polepole, asipunguze neno.

Bado niko Maskati. Nyumba yetu ya Mawaleh wanakaa watu wengine sasa, wamepaka ukuta rangi ya maziwa na kuweka geti jipya. Huipita nikienda soko la matunda, na kila mara huharakisha mwendo kama mtu anayedaiwa jibu.

Nilikuja na ninyi kutoka Kenya baba yako alipopata kazi kwenye mitambo ya maji. Huku hakukuwa na chekechea ya watoto wa Kiyahudi, na mama yako, ambaye alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, hakutaka ukue bila kujua ya kwenu. Akatoa makochi sebuleni, akatandika mikeka, akabandika herufi za Kiebrania ukutani. Wanafunzi mlikuwa watatu: wewe, na Noa na mdogo wake Eli, watoto wa mhandisi mwenzake baba yako. Mimi nilikuwa msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kuosha brashi za rangi na kumzuia Eli asile gundi.

Asubuhi mlikaa duara mkaimbiana majina, kila mmoja akasalimiwa kwa zamu yake. Halafu mkanawa kwa kile kikombe cha kunawia chenye vishikio viwili, mkashukuru kabla ya kula hata kipande cha tango. Siku mliyoanza herufi, mama yako alichora ya kwanza kwenye sahani kwa asali, akawaambia mlambe, mjue kusoma ni kutamu. Wewe ulilamba ya kwako, kisha ukalamba ya Noa, ikabidi yeye achorewe nyingine.

Mimi ni mtu wa kanisa, nimezaliwa Machakos, na nilidhani hadithi zenu nyingi nazijua. Lakini sikuwahi kuona habari za Ibrahimu zikifundishwa namna ile. Mlijenga hema lake kwa mashuka, likawa wazi pande zote nne ili mgeni asihangaike kutafuta mlango. Mgeni wenu akawa Bibi Zuwena, jirani yetu Mwomani aliyekulia Unguja. Aliinama akaingia, akapewa tende na maji, akakuuliza jina. Uliposema Tamar alicheka sana, kwa maana kwa Kiarabu jina lako na hizo tende alizoshika ni kitu kimoja. Sikukuu yenu ya Vibanda ilipofika, yeye ndiye aliyesikia mama yako anatafuta makuti ya kuezekea.

"Nna makuti tele shambani kwetu Sib," alisema. "Kesho n'takuletea."

Alileta gari zima. Mkakaa kibandani uani kwa joto lile, mkila makomamanga, nguo zote zikawa madoa mekundu.

Eli alipopata tetekuwanga, mama yako alifundisha somo la kumtembelea mgonjwa. Mlimchorea kadi. Mkaambiwa kwamba walimu wenu wa kale walisema anayemtembelea mgonjwa humwondolea fungu moja kati ya mafungu sitini ya ugonjwa wake. Nilikuwa nafuta meza, nikafikiri ni neno zuri. Sikuona zaidi ya hapo.

Miezi michache baadaye mama yako alianza kuchoka. Kwanza tulisema ni joto. Halafu akaacha kula, akapelekwa hospitali, akarudi amepewa dawa na habari ambayo baba yako alinieleza jikoni huku amegeukia friji. Tangu hapo darasa likawa mikononi mwangu. Asubuhi nilikwenda kitandani kwake akanielekeza ya siku ile, nikarudi sebuleni nikawasha kaseti ya nyimbo, nikaimba maneno nisiyoyajua maana. Ijumaa, misikiti ikiadhini nje, nilikanda ule mkate wenu wa Sabato, nikausuka kama ninavyosuka nywele, na ninyi mkausifu. Mkaniuliza maswali, kwa nini mishumaa miwili, kwa nini mkate unafunikwa. Nilisema tutamuuliza mwalimu akipona.

Ndipo ukaanza zile safari. Hukumwambia mtu. Uliingia chumbani kwa mama yako, ukasimama kidogo kando ya kitanda, ukasema shalom, ukatoka, ukapiga mstari kwa kalamu ya rangi kwenye karatasi. Kisha ukaingia tena. Mara ya tano nilikushika mkono nikakwambia umwache mama alale. Yeye akasikia.

"Mwache aingie, Mwikali," alisema.

Ilikuchukua siku tatu. Kila ulipoingia alifungua macho, na mimi nilijua kufungua macho peke yake kulimgharimu. Mara nyingine uso ulikuwa umekunjamana kwa maumivu, na ukisukuma mlango aliukunjua. Nilitaka kukuzuia nikashindwa, nikataka kumsaidia nikashindwa. Nilipika supu ambazo hakuna aliyezinywa.

Siku ya tatu mchana ulikuja jikoni na karatasi yako.

"Anti, nimemaliza sitini. Mbona bado anaumwa?"

Tamar, nimelifikiria swali lako kwa miaka saba na bado sijui mtu mwema angejibu nini. Wewe ulisimama pale unanitazama kama mtu aliyelipa yote na sasa anangoja chake. Niliogopa macho yako. Nikasema, "Labda umekosea kuhesabu."

Hukubisha. Uliitazama karatasi, ukagusa mistari kwa kidole mmoja mmoja, midomo inacheza. Kisha ukaomba karatasi nyingine, nami nikakupa.

Jioni ile nilimwambia mama yako nilichofanya. Alitaka kwanza nimwinulie mto. Halafu akasema kwamba swali lako si geni, hata wale walimu wa kale waliulizana: basi waje watu sitini, mgonjwa apone? Wakajibiwa kwamba haiendi hivyo. Kila ajaye huondoa fungu moja katika sitini ya kile alichokikuta kimebaki. Kwa hiyo kila mara hupungua, na kila mara kitu hubaki.

"Mwambie hakukosea," alisema. "Mwambie kila alipoingia nilipata nafuu. Mimi nikijaribu nitalia, na yeye ataogopa."

Nikasema nitakwambia. Nilitoka nikakukuta sakafuni, kwenye karatasi mpya umefika mstari wa saba, ulimi umeutoa nje kwa kujitahidi. Nikaona ni afadhali kesho.

Kesho yake madaktari walimwambia baba yako ampeleke Uingereza mara moja. Nyumba ikawa ya masanduku na simu. Mimi viza yangu ilikuwa ya hapa tu. Kule uwanja wa ndege wa Sib ulikaa juu ya kigari cha mizigo, karatasi mkononi, ukaniuliza kama kwenye ndege unaweza kumtembelea mgonjwa hata kama mmeketi viti vinavyogusana. Nilikuwa nimefungua kinywa. Baba yako akaita, pasipoti zinatakiwa. Mama yako kwenye kiti cha magurudumu alinitazama kwa kuuliza, nami nikatikisa kichwa kwamba bado. Hiyo ndiyo habari ya mwisho aliyoipata kutoka kwangu hapa duniani.

Baada ya wiki tatu baba yako alipiga simu. Alisema kwa maneno machache. Bibi Zuwena alikuja akakaa na mimi mpaka Magharibi, amenishika bega. Baba yako aliporudi kufunga nyumba, mimi ndiye niliyebandua herufi ukutani. Nilizifunga kwa gazeti, na zile kaseti, na kile kikombe. Kabla hajaondoka nilimwomba nizungumze nawe, maana ulikuwa umebaki kwa nyanya yako huko Uingereza. Akapiga. Nikasema, "Tamar, ni Anti Mwikali." Nilisikia pumzi yako. Kisha ukamwuliza kwa Kiingereza, si mimi bali mtu mwingine aliyekuwa karibu nawe, kama Mama amekuja na Anti. Nikamrudishia baba yako simu.

Barua mbili nilizotuma zilirudi. Mlikuwa mmehama, na anwani yenu mpya nimeipata juzi tu kwa baba yake Noa.

Siku hizi nalea watoto wa familia nyingine huko Bustan. Ni watoto wazuri. Wakubwa wao wakiugua siwaruhusu wadogo kusimama mlangoni, nami najua hiyo ni kasoro yangu, si yao. Ijumaa nyingine nikikanda unga wa chapati vidole huanza vyenyewe kuugawa sehemu tatu za kusuka, hadi nivikataze.

Sasa umetimiza umri wa miaka kumi na miwili. Mama yako aliniambia huo ndio umri msichana wa kwenu huhesabiwa mtu mzima, awezaye kuulizwa na kuambiwa. Kwa hiyo nakufikishia ujumbe, ingawa aliyenituma hawezi tena kuniuliza kama nimeufikisha. Alisema kila ulipoingia alipata nafuu. Alisema hukukosea.

Na mimi nililijua hilo kabla hajasema. Mlango wa chumba kile ulikuwa ukilia, na mimi jikoni nilikuwa nahesabu pamoja nawe. Zilikuwa sitini.

Nakuacha mikononi mwa Mungu wa mama yako, ambaye najua ni wangu pia.

Anti yako,
Mwikali