Neema Ameniuliza Habari Zako

Nyamuswa, Jumapili baada ya ibada

Dada Wakuru,

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Bila mimi Nyamuswa yote ingetembea uchi. Sikutanii. Suruali ya mwenyekiti wa kijiji nimemuuzia mimi, ile ya kaki yenye mifuko sita, akitafuta kalamu kikao kinaisha hajaipata. Shati la katekista limetoka kwangu. Juzi mnadani mama mmoja wa Butiama alisimama mbele ya turubai langu la mitumba akasema, "We kijana, Wazungu wote waliokufa wamekuachia wewe urithi?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, na waliobaki wameshaandika wosia." Akanunua makoti mawili, na jua lote lile.

Ungeniona sasa. Nina baiskeli, nina redio, nina saa ya mkono ambayo haitembei lakini nani atajua. Rebeka ameniona naandika, anadhani ni orodha ya mzigo wa Musoma. Nimemwacha adhani hivyo.

Siku hizi ni ruksa, dada. Vitu vimerudi. Sabuni imelala dukani, hakuna anayeipigania. Unakumbuka ile ya majivu mliyokuwa mnapika na mama, ilivyochubua vidole vyenu? Na unakumbuka mlikuwaga na kanga moja ya kutokea, Jumapili hii anakwenda mama kanisani, Jumapili ijayo wewe, na anayebaki nyumbani amejifunga gunia. Mgeni akipiga hodi siku ya gunia, mnamjibu mkiwa nyuma ya mlango, eti mna homa. Nilikuwa nawacheka. Sasa kila nikifungua belo la nguo, kuna gauni moja mkono wangu unaliweka pembeni. Sijauambia. Unaliweka tu, la bluu au la maua madogo, la urefu wako. Halafu akija mteja naliuza.

Mashine ya kusaga nayo imefika mpaka kule kwenu, nyuma ya vilima. Wanawake wanasimama foleni, lakini wanasimama. Hawapigi magoti juu ya jiwe.

Neema tunaye hapa. Mume wako alimleta mwenyewe akiwa njiani kwenda machimboni, akasema atamchukua akirudi. Hii ni masika ya tatu. Yuko darasa la tatu na ana mdomo, sijui kaurithi wapi. Juzi nilikuwa nasoma gazeti lililofungiwa sukari, akasimama nyuma yangu akasema, "Mjomba, mbona unasoma kama unachimba kisima?" Nikamwambia mimi niliacha shule kwa hiari, walimu walilia. Akasema, "Walilia kwa furaha." Huyo ni wewe mtupu, dada.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Alhamisi tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi, Rebeka na yeye. Akauliza, bila kuinua macho, "Mjomba, mama alikufa kwa nini?" Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote, kwamba mto ulijaa. Akapukuchua gunzi zima, kisha akasema, "Lakini bibi anasema mama alikuwa ameshakuja kukaa hapa. Alifuata nini tena ng'ambo ya mto?"

Nikamtuma maji. Mtungi ulikuwa umejaa. Rebeka aliniangalia, akaendelea kupukuchua.

Kwa hiyo nimeona nianze na wewe. Nikishakuandikia wewe, ambaye sikuwahi kukudanganya ukakubali, labda nitaweza kumwambia na yeye. Najua utasoma. Herufi uliziiba kwangu. Wewe walikutoa darasa la pili ili unibebe mimi mgongoni, na nilipoanza shule ulikuwa unafungua madaftari yangu mama akiwa shambani, kidole kinatembea chini ya mstari. Ukajua kusoma kabla yangu. Nilipoacha darasa la sita hukunigombeza. Ulisema tu, "Magesa, mdomo wako ungekuwa jembe tungelima mpaka Butiama."

Tulikuwa wawili tu, kwa hiyo hesabu ya kwetu ilikuwa nyepesi: ng'ombe watakaoletwa kukuoa wewe ndio nitakaowapeleka mimi kuoa. Ulikuwa unanitania ukiwa unasuka mkeka, "Utafute mke wa bei nafuu, ng'ombe wangu wasije wakaisha." Wakaja wanane. Wewe ukaenda nyuma ya vilima, na wale wanane hata hawajazoea zizi letu, sita nikawapeleka kwa akina Rebeka. Watu walinisifu, kijana mdogo hivi ameoa. Nilitembea kifua mbele kana kwamba ng'ombe wale nimewazaa mimi.

Nilikuja kukutembelea mara moja tu. Nilifika asubuhi, mama mkwe wako akasema umekwenda maji. Nikakaa. Jua likapanda, likafika utosini, hujarudi. Nikakufuata mpaka kwenye mto mkavu, nikawakuta wanawake kila mmoja kainama kwenye shimo lake la mchanga, anachota kwa kata maji yanayotoka kidogo kidogo kama jasho. Wewe ulikuwa umekaa kando ya shimo lako, umelala, umekaa hivyo hivyo, mkono ndani ya shimo. Mwenzako akasema, "Mwache, maji yakigusa vidole ataamka." Na kweli uliamka. Uliponiona ukacheka, ukasema, "Karibu, mheshimiwa, hapa ndipo ofisini kwangu."

Tuliporudi ulinipa maji kwanza, halafu ukapiga magoti kwenye jiwe ukasaga ulezi kwa ajili yangu, na Neema mgongoni. Nilikula nikashiba. Nikaondoka nikiwa nafikiria baiskeli ya kuazima, kama mnyororo utafika.

Halafu ukarudi nyumbani. Ulitembea kutwa nzima, Neema mgongoni, mzigo kichwani. Ulisalimia kila mtu kwa zamu, ukala, ukanawa, ndipo ukamwambia mama akutazame mgongo. Mume wako alikuwa ametoka machimboni mikono mitupu, akakuta ulezi umepungua ghalani, akauliza umemlisha nani. Ulikuwa umemlisha mtoto wake na mama yake. Mama alipotoka ndani alikuwa ameshika mlango. Wewe ulisema maneno machache sana: "Nataka kukaa. Nitalima, sitakula bure." Hukusema tumbo lilikuwa la miezi mingapi. Hilo tulilijua baadaye.

Ulikaa nasi wiki mbili. Ulilima palizi ya watu wawili. Rebeka alikuwa na mimba kubwa, ukamzuia asiende maji, ukaenda wewe. Kwako wewe kisima cha kwetu kilikuwa karibu kama jikoni, ulikwenda ukiimba. Nakumbuka asubuhi moja ulirudi na ndoo, ukaniambia, "Magesa, watu wa huku mnaishi kama matajiri na hamjui."

Jumamosi mume wako akaja na wazee wake, wakakaa uani na wa kwetu. Baba mdogo ndiye aliyeongoza, maana baba alikuwa ameshaanza kusahau majina. Jambo lilikuwa moja: ukikaa, ng'ombe warudi. Na wengi wa ng'ombe hao walikuwa kwa akina Rebeka, wameshahesabiwa kwa mahari ya kaka yake. Ukavuta kamba ya huku, unaangusha nyumba ya kule. Mume wako aliomba radhi mbele ya watu. Ukarudi naye Jumatatu.

Hivyo ndivyo ninavyosimulia. Kikao kiliamua. Nimelisema hilo kwa mama, kwa Rebeka, kwa katekista, nimelisema mnadani nikiwa nimekunywa. Siku nyingine naongeza kwamba baba aliogopa. Siku nyingine naongeza kwamba wazee wa siku zile walikuwa wagumu. Watu wananipa pole, dada. Nimepokea pole nyingi sana.

Mvua zilipoanza uchungu ukakukuta kabla ya wakati. Walikubeba juu ya kitanda, wanaume wanne, kwenda zahanati. Mto ule uliokuwa unauchimba kwa kata ulikuwa umejaa mpaka kwenye miti. Walikaa nawe kwenye ukingo tangu asubuhi mpaka alasiri wakisubiri maji yapungue. Jirani yako, yule aliyesema maji yakigusa vidole utaamka, alinisimulia yote. Alisema hukulia. Uliuliza kama Neema amekula. Mtoto naye alikwenda na wewe, alikuwa wa kiume.

Nilifika mmeshazikwa. Nilikuwa na mengi ya kusema kaburini, nikasema tu barabara ni mbaya.

Sasa nikuage. Mama yupo, magoti yanamsumbua, kanga anazo tano na analala amezipanga kichwani. Rebeka alijifungua salama, ni msichana, tumempa jina lako, na akiitwa na mama kwa sauti mimi huwa nageuka. Ahadi yangu ni hii. Neema atasoma mpaka walimu wachoke. Akiolewa, hata ng'ombe mmoja wake hatagusa mkono wangu, wakae wanangojea, wazae, wazeeke. Na siku akitokea pale njiani na mzigo kichwani hakutakuwa na kikao. Nitautua mzigo mimi, nitauingiza ndani, nitafunga mlango. Kesho akitoka shule nitamketisha nimwambie alichouliza.

Lala vizuri, dada yangu. Maji ya huko yawe karibu.

Mdogo wako,
Magesa

Nimeshaweka jina, lakini bado. Nikimwambia Neema kama nilivyoandika hapo juu, nitakuwa nimemtuma maji tena.

Kikao hakikuamua. Baba mdogo alikuwa ameshasema mbele ya wote kwamba ng'ombe wanaweza kusubiri mpaka pamba iuzwe, misimu miwili, hata mitatu. Wazee wa upande wa pili walinung'unika lakini hawakukataa. Asubuhi ile Rebeka alikuwa ameniambia kwamba kama ni kulima pamba ya watu, tutalima. Mume wako alikuwa anatazama chini. Kilichobaki ni neno lako tu. Baba mdogo akageuka, akasema taratibu, "Wakuru, mwanangu, sema mwenyewe. Unataka nini?"

Ukasimama. Ulikuwa hujawahi kusimama mbele ya wanaume wengi namna ile. Ukakaza kanga kiunoni, ukavuta pumzi, na uani pote pakawa kimya. Mimi kimya kinanishinda, unanijua.

Nikasema, "Wazee, mnamuuliza nini? Huyu ng'ombe kakata kamba tu. Mlambisheni chumvi, atarudi zizini mwenyewe."

Mwaka ule chumvi ilikuwa haionekani, nyumba nyingi zilipikia magadi. Kwa hiyo walicheka kwa ajili ya ng'ombe, wakacheka tena kwa ajili ya chumvi. Baba mdogo alicheka mpaka akafuta macho. Mume wako akainua kichwa. Na wewe ukacheka, dada, ukasema, "Magesa wewe," ukakaa. Walipomaliza kucheka baba mdogo akakuuliza tena, nawe ukajibu, "Nitarudi," kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari.

Jumatatu mama alitoa chumvi aliyokuwa ameificha, akakufungia kidogo kwenye karatasi, ukaondoka nayo mkononi.

Wangeweza kudhani nilikuwa nalinda ng'ombe. Natamani ingekuwa hivyo, ningekuwa na sababu ya kumpa Neema. Ng'ombe hata sikuwakumbuka. Nilitaka tu wacheke.