Sukari ya Kijiji Kizima

Mwanangu mpendwa Salafai,

Pokea salamu zangu za heshima na upendo kutoka hapa kisiwani Savai'i, wewe, mume wako na wajukuu wangu wote. Natumaini baridi ya huko haijawasumbua vifua. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana, kwani kila nilipoanza nilionekana kumlaumu mtu, na mwenye kosa ni mimi.

Uliponipigia simu ulisema, “Baba, sukari yako asubuhi sita, mchana ishirini na mbili, jioni tano! Unakula nini huko? Mwezi ujao nakuja kukuchukua uhamie kwangu Auckland, na safari hii sitaki kusikia neno.” Nami sikusema neno, maana ulikata simu. Lakini nakusihi, mwanangu, usininunulie tiketi kabla ya kumaliza kusoma.

Kipima sukari ulichoniletea kinatuma kila namba kwenye simu yako, kama ulivyokiunganisha mwenyewe. Tulichosahau sote wawili ni nyumba kilikoingia. Hapa kwetu mgeni akiomba kitu kilichomo ndani, nitamnyimaje? Alianza binamu yangu Tuvale, wakafuata akina mama wa kwaya. Sasa kila Jumapili, ibada ikiisha, wanapanga foleni barazani kwangu kabla chakula hakijafunuliwa. Kila mtu namtolea sindano yake mpya, na lazima anawe mikono kwanza. Hilo silegezi, kwa sababu Tuvale alikuja na vidole vyenye maji ya papai, akapata namba iliyomfanya aanze kugawa nguruwe wake kama urithi.

Hata mchungaji wetu alikaa kwenye kiti cha kupimiwa, akarudisha mkono nyuma mara tatu. Tuvale akamwambia mbele ya watu, “Baba Mchungaji, asubuhi nzima umetuhubiria habari za damu, sasa tone moja linakushinda?” Tulicheka hata mchungaji mwenyewe akasahau kuogopa, nikamchoma.

Namba zangu mimi ni zile za alfajiri tu, kabla ya kengele ya sala. Zitazame tena, utaona zimetulia. Mboga za majani nakula, shelisheli nakula nusu, tena kwa masikitiko.

Ile ishirini na mbili ni ya Bi Malaea, mjane anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Ameniruhusu nikutajie. Siku ile alinicheka: “Mashine yako haijui kusoma, Esekielu. Mimi nina afya ya nguruwe jike!” Kesho yake nilimsindikiza hospitali, akiwa amenuna njia nzima. Daktari alisema angechelewa zaidi macho yake yangeharibika. Tangu hapo anatumia dawa, na kila asubuhi anakuja kupimwa, kisha tunakunywa kakao bila sukari huku tumekunja nyuso. Juzi alipata nane, akaimba barazani mpaka majirani wakatoka nje.

Mwanangu, hapa nakuomba ukae chini. Sikatai kuhamia kwako kwa ukaidi. Ninakataa kwa sababu asubuhi Bi Malaea akichelewa, kakao yangu inapoa nami nikiangalia njia tu. Kaburi la mama yako liko pale pale mbele ya nyumba, naliwekea maua kila Jumamosi, na heshima yake haitapungua. Lakini natamani kumwoa Bi Malaea, nami sitamtamkia neno hilo kabla ya kupata ridhaa yako. Ukikataa, nitatii, na nitapanda ndege unayotaka.

Wasalimie wote kwa majina. Samahani kwa barua ndefu, na kwa kukujazia simu sukari ya kijiji kizima.

Barua hii anakuletea Bi Malaea mwenyewe, anayekuja huko kwenye harusi ya mjukuu wake. Bahasha nimeifunga kwa gundi maradufu, maana hajui kilichomo. Tafadhali mkaribishe ndani, isome ukiwa umempa kiti, kisha mtazame vizuri kabla hujanijibu.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Esekielu