Mvua ya Januari

Kwa Reiji, mjukuu wangu,

Salamu utazikuta mbele, kwanza nikugombeze. Nani alikutuma uwaambie polisi kwamba hukumuuliza mtu hali ya theluji? Nani? Mimi sijafa, sijapooza, wala sijakuomba unifunike kama kitoto kichanga. Mzee Kumagai wa posta alipanda na gazeti, akanisomea neno kwa neno, maana maandishi yao madogo yananishinda: kiongozi wa wageni mlimani amekiri kwamba aliipima theluji mwenyewe na akakosea mwenyewe. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamfukuza, na chai yake hajaimaliza.

Haya, hujambo? Mimi sijambo, magoti tu, nayo nimeshayazoea. Mama yako Kinue hajambo? Alinipigia Jumapili analia, anasema huli, husemi, umeegemea ukuta kutwa kama mwavuli uliosahauliwa na mgeni. Nikamwambia akupe uji wa mchele wenye plamu ya chumvi. Akaniuliza kama nadhani hajajaribu. Basi nikaweka simu chini, na wewe unajua si mimi wa kuikata simu kwanza.

Nyumba ya wageni nimeifunga. Kibao cha mlangoni nimekishusha. Theluji imejaa juu ya paa, hakuna wa kuipakua, boriti zinalia. Zilie. Hata simu inalia kila asubuhi, watu wa mbali ambao hawajasikia habari wanataka kujua theluji ina kina gani na ni ya namna gani, waje na mbao zao za kutelezea mwisho wa wiki. Wanasema wameshasikia utabiri redioni lakini wanataka kusikia kwa bibi. Miaka arobaini na moja nimewajibu. Sasa naiacha ilie mpaka ichoke.

Jumanne alikuja mama yake Shiho. Alifuata mbao za mwanawe na zile nguo tulizozianika karibu na jiko, ambazo sikuthubutu kuzikunja. Mwanamke mfupi, viatu vya mjini, vimelowa chapachapa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, Reiji. Nilitaka anitukane. Badala yake akapiga magoti, akainama mpaka paji lake likagusa mkeka, akanishukuru kwa kumtunza mwanawe majira manane ya baridi. Akasema Shiho alikuwa akiwaambia wenzake shuleni alikokuwa akifundisha kwamba hakuna mtu anayeijua theluji kama bibi wa huku Kuwasawa. Kisha akaomba zile figili zangu za kuchachusha, akaziweke mbele ya picha ya marehemu, kwa kuwa mtoto alizipenda. Nilipokuwa nazifunga, maji ya chumvi yakamwagika kwenye soksi zake. Akaniambia pole. Yeye ndiye aliyeniambia mimi pole.

Tangu siku hiyo nakaa jikoni na sipiki.

Sasa sikiliza. Najua unavyofikiri. Unafikiri bibi amezeeka, macho yamechoka, siku ile alisinzia kwenye meza yenye jiko chini yake, hakuona kilichoanguka nje. Ndiyo maana unajitwika mzigo. Unanihurumia. Huruma hiyo irudishe ulikoitoa, siitaki.

Ile tarehe kumi na saba ulikuwa umeshuka mjini kung'olewa jino. Nyumbani hapakuwa na mgeni, na jirani wa kunikanusha hatuna tena. Redio ilisema theluji kutwa nzima, lakini mtangazaji yuko bondeni kwake, huku kwetu anakusikia tu. Saa tatu asubuhi upepo uligeuka. Ukaja wa kusini, wa vuguvugu, unanuka udongo. Saa nne ikaanza mvua, na si manyunyu, mvua ya kupiga bati, mpaka saa tisa alasiri. Nilisimama uani kichwa wazi, nikakitazama kimo cha theluji kikishuka kwenye mti wa kupimia, vidole vinne. Nywele zangu zilikuwa zinachuruzika. Jioni baridi ikarudi ghafla, mlima wote ukang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Sikusinzia, Reiji. Nilikuwa macho kuliko siku zote. Nilijua kwamba gamba la barafu likishaganda vile, theluji mpya ikija juu yake haina pa kushika, inakaa tu inangoja mguu wa mtu.

Ndipo ukapiga simu. Uliniuliza waziwazi kama imenyesha mvua. Mdomo wako ulikuwa umekufa ganzi, unaongea kama mlevi, nikakucheka. Nikakujibu mvua gani Januari hii, ni theluji tupu, nyepesi kama unga wa mchele. Kisha nikachukua chaki nikaandika hivyohivyo kwenye ubao wa mlangoni.

Siku tatu zilizofuata theluji ikaanguka kweli, ikafunika uongo wangu mpaka kiunoni. Ukarudi, ukasoma ubao, ukawapandisha wageni siku ya nne, na mteremko ukakatika ukamchukua Shiho. Nilikufundisha usikanyage mteremko kabla hujachimba shimo ukaitazama theluji tabaka kwa tabaka. Hukuchimba, kwa sababu bibi yako alikuwa ameshasema. Hilo la kutochimba ni lako, libebe. Yaliyobaki ni yangu.

Utauliza kwa nini. Mwaka jana iliponyesha vile niliwaambia watu ukweli, wakaghairi wote, tukakaa wiki tatu na vitanda vitupu. Siku moja ukiwa unakula ukasema, bila hata kuniangalia, kwamba labda ingekuwa afadhali ukatafute kazi ya kiwandani Sendai. Hukulirudia tena neno lile. Mimi kila nilipoosha bakuli lako nalisikia. Niliogopa kubaki peke yangu na mlima huu. Hakuna sababu nyingine, usiitafute. Sasa wewe umeondoka, na mtoto wa watu amekufa, na mimi niko peke yangu na mlima huu.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe haraka nitakuona mpumbavu.

Msalimie mama yako, mwambie nimezipata zile soksi za sufu, zinabana. Msalimie shangazi yako akipita. Na wewe ule, hata kama hutaki, ule.

Ijumaa wakikuita tena kituoni, wape barua hii mkononi kabla hujafungua mdomo. Usiichome. Ukiichoma nitaandika nyingine, nimpe Kumagai aipeleke, naye ataisoma njiani na wilaya nzima itajua kabla ya polisi. Lakini kabla ya Ijumaa, ukishaisoma tu, panda treni uende kwa mama yake Shiho, asije akayasoma haya gazetini. Kaa mbele yake umsomee kwa sauti. Msomee yote, hata pale nilipokucheka, usiruke mstari.

Bibi yako,
Fusa