Pazia, Mgongo wa Mwanaidi na Shingo ya Mama Mkwe

Jumapili jioni, Kariakoo.

Mvua imekatika tangu adhuhuri na uani kumejaa nguo za wiki nzima, kila mpangaji kagombania kipande chake cha kamba. Huko Jangwani maji yamefika magotini, kwa hiyo mechi yetu imeahirishwa, na mimi mchua misuli wa timu nimeshinda nyumbani siku ya Jumapili. Mke wangu alikuwa ameshasahau kwamba jambo hilo linawezekana.

Nina furaha leo. Naandika upesi, furaha ikiwa bado ya moto.

Mama mkwe wangu aliingia mjini Alhamisi kutoka kijijini kwake, Kisarawe, amekaa juu ya magunia ya mihogo kwenye lori. Alikuja kumwona mjukuu. Mwanaidi na mimi tulikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, mpaka watu wakaacha kutuuliza, na walipoacha kuuliza ndipo tulipoumia zaidi. Sasa Zainabu wetu yupo, ana miezi miwili na sauti ya mnadani, na bibi yake alikuwa hajamtia machoni. Mwenyekiti wa kijiji alimpa ruhusa mpaka Jumatatu tu, kwa sababu palizi ya shamba la pamoja imeanza na hakuna anayesamehewa.

Basi akateremka kwenye lori shingo imekaza. Si kukaza kidogo, imekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Akitaka kumtazama mtu wa pembeni anageuka mwili mzima, na mikono haipandi kupita kifua. Alichokitaka mama wa watu ni kimoja, kumbeba mjukuu wake mgongoni, na hakuweza hata kuinama kumnyanyua kitandani. Tulimlaza mtoto mapajani mwake akawa anamtazama kwa kushusha macho. Machozi yakamtoka. Akasema ni vumbi la njiani, na wote tukakubali kwamba ni vumbi, ingawa njia nzima ilikuwa tope.

Ijumaa Mwanaidi alimpeleka hospitali. Daktari akampima vizuri, akasema mfupa mzima, hakuna kilichoteguka, ni misuli tu imejikaza. Akampa vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike. Vidonge vilisaidia akalala. Shingo haikugeuka.

Hapa ndipo penye kichekesho. Nyumba hii ina mchua misuli. Watu wanatoka mpaka Ilala kuleta nyama za paja zao kwangu. Mchana nipo bohari ya shirika nahesabu makasha, jioni mikono yangu ipo kwenye migongo ya mabeki na visigino vya mawinga, na sijisifu nikisema golikipa wetu anacheza mpaka leo kwa sababu ya vidole hivi kumi. Halafu ndani ya nyumba yangu kuna shingo iliyokaza, na mimi siwezi kuigusa.

Kwa sababu ni shingo ya mkwe.

Kwetu Wazaramo mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Simkazii macho. Simpi kitu mkono kwa mkono, naweka chini naye anaokota. Tukikutana kwenye korido mimi najibana ukutani nikitazama vidole vyangu vya miguu, na yeye anavuta kanga usoni. Hata kulala halali kwetu, analala chumba cha mbele kwa Mama Eliya. Heri nimshike simba sharubu kuliko kumshika mama mkwe shingo.

Shangazi yangu aliyenifundisha kazi hii, mkandaji wa wazazi, sasa yuko Mafia kwa wanawe. Wakandaji wengine wapo mtaani, ila mama alikataa katakata. Hashikwi na mtu asiyemjua.

Mama Eliya alijaribu jana. Huyu ni Mchaga wa Kilimanjaro, anauza nazi na vitunguu sokoni, na ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, kwa hiyo akijitolea kitu ni vigumu kumkatalia. Yeye haelewi haya zetu. Anasema kwao mtu na mkwewe wanaongea kama kawaida na dunia haijaanguka. Alikunja mikono ya gauni akamkanda mama kama unga wa maandazi. Mama alivumilia kwa adabu, kisha akamnong'oneza binti yake, "Mwambie balozi namshukuru sana. Ila ananiua."

Leo asubuhi nikaamka nimeamua. Nikamwambia Mwanaidi, wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa mdomo. Mama atakaa ndani kwenye kigoda, mimi nitakaa koridoni juu ya mkeka, pazia la mlango litakuwa katikati yetu.

Mgogoro wa kwanza ukawa mafuta. Kulikuwa na nusu chupa ya mafuta ya nazi, na Mwanaidi alikuwa anayalinda kwa ajili ya kukaangia samaki wa leo. Nani asiyejua mafuta yalivyo adimu siku hizi? Tulitazamana, tukawatazama samaki. Mwishowe nikayachemsha mafuta kwa karafuu na tangawizi mpaka korido nzima ikanukia kama chumba cha bibi harusi, na samaki tukawatia ndimu, wakachemshwa.

Tukaanza. Nikasema, "Weka dole gumba pembeni ya mfupa wa shingo, usiweke juu ya mfupa."

"Pembeni ya wapi?"

"Pale nyama inapoanza kuwa ngumu."

"Mume wangu, hapa kote ni kugumu."

Nikamwambia bonyeza, akauliza kiasi gani. Nikamwambia kama unavyobonyeza embe kuona limeiva. Akasema yeye akitaka kujua kama embe limeiva ananusa. Ndani nikasikia mama anaguna, na si kuguna kwa raha. Tukaenda hivyo mpaka sauti zetu zikaanza kupanda na Zainabu akaamka akaongeza yake. Nilikata tamaa. Kitu ambacho vidole vyangu vinakijua, kumbe mdomo wangu haukijui kabisa. Nikaona lori la kesho hilo linaondoka na mama juu ya magunia, hajambeba mtoto, na hatujui atapata ruhusa nyingine lini.

Mama Eliya alikuwa ameketi mlangoni kwake anachambua mchele, anasikia kila kitu, kama balozi anavyopaswa.

"Ndugu Shabani," akasema, "si umwoneshe?"

"Nimwoneshe vipi, Mama Eliya, na pazia hili?"

"Mwoneshe mgongoni mwake mwenyewe. Huyo si mkeo? Au naye unamwonea haya?"

Nikamtazama, nikautazama mgongo wa Mwanaidi. Halafu nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tulipanga hivi. Mwanaidi akakaa kizingitini hasa. Mgongo wake ukabaki koridoni kwangu, mikono yake ikawa chumbani alimo mama, na pazia likaning'inia mbele ya uso wake, mikono ikipita pembeni, ili mimi nisione kitu cha ndani. Mama akasogeza kigoda mpaka mbele yake, akampa mgongo. Kila nitakachomfanyia Mwanaidi, Mwanaidi amfanyie mama. Mama Eliya akampokea Zainabu. Wapangaji wakaanza kutoka vyumbani mmoja mmoja, kila mtu anajifanya anakwenda msalani, mpaka balozi akatangaza kwamba hapa hakuna sinema. Hakuna aliyeondoka, na yeye mwenyewe ndiye aliyekaa mbele.

Nilianza vibaya. Mikono yangu imezoea mabeki. Nilimbonyeza Mwanaidi kwenye bega kama ninavyombonyeza namba tano wetu, akaruka, na kwa kuruka akamfinya mama yake kwa nguvu ile ile.

"Mkwe!" sauti ikatoka ndani. "Mimi sichezi mpira!"

Korido ikalipuka kwa kicheko. Mimi nilibaki mdomo wazi, kwa sababu tangu nimuoe binti yake mama huyu hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Salamu zake zilikuwa zinapitia kwa Mwanaidi. Nikasema, "Nisamehe, mama," nikalisemesha pazia, na jasho likanitoka.

Ndipo nikakumbuka mikono ya shangazi. Yeye hakuanza na kubonyeza. Alikuwa analaza viganja vilivyopata mafuta ya vuguvugu, anaviacha hapo, anangoja mpaka mtu mwenyewe ashushe pumzi. Nikalaza viganja juu ya mabega ya mke wangu, sikufanya kitu. Nikahisi mabega yake yanatulia, nikajua na yeye kalaza vyake. Tukangoja. Kisha nikashuka taratibu pembeni ya mfupa, nikiviringisha dole gumba, nikipanda mpaka chini ya kisogo, nikirudi begani. Pale penye fundo nilikaa, sikulisukuma. Shingo haivunjwi wala haizungushwi kwa nguvu, mtu hubembelezwa mpaka aiachie mwenyewe.

Mara mama akauliza, "Mwanaidi, mbona mikono imesimama?"

Mwanaidi alikuwa amesinzia! Nilimgusa sikio akashtuka. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali, "Kumbe wachezaji ndio mnawafaidisha hivi?" Wanawake wa korido walipiga vigelegele, na mmoja wao, simtaji, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo nadhani litamgharimu leo.

Mabega ya Mwanaidi yalikuwa na mafundo ambayo sikuyajua, na mimi nalala naye kitanda kimoja. Nikaendelea kwa upole zaidi, sasa si kwa ajili ya mama peke yake.

Sijui tulikaa muda gani. Vicheko viliisha vyenyewe, watu wakawa wanatazama tu. Ndani mama akashusha pumzi moja ndefu, ndefu mno, ya mtu anayetua mzigo. Halafu akaanza kusema polepole, sijui kama alikuwa anamwambia binti yake au ukuta.

"Nimekaza tangu siku nilipoletewa habari kwamba una mimba. Nalala nimekaza, nalima nimekaza. Nasema, na huyu asije akaondoka. Mpaka kwenye lori nilikuwa najiambia, nitafika nikute hayupo."

Walikuwepo wawili kabla ya Zainabu, hawakufika. Humu ndani hatuwataji. Nilihisi mgongo wa Mwanaidi unatikisika chini ya viganja vyangu, nikadhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini mabega yake yalikuwa yanashuka, yanashuka, na nina hakika hata ya mama yalikuwa yanashuka vivyo hivyo. Pazia lilikuwa limenizuia nisione chochote, na sikuhitaji kuona. Na mimi nililia, niandike tu, hakuna anayesoma humu. Mama Eliya naye alipenga kamasi kwa kanga yake, Zainabu akiwa mkononi.

"Mlete," mama akasema.

Mama Eliya akamwingiza mtoto ndani. Nikasikia kanga inakung'utwa, nikasikia Mwanaidi anasema polepole mama, polepole, na mama anamjibu kwamba yeye alibeba watoto kabla Mwanaidi hajajua kukaa. Kisha vigelegele, na safari hii vilianzia chumbani.

Mimi nilikimbilia uani kunawa mafuta. Sikuwa nimefukuzwa na mtu, ila sikujua mwanamume aliyelia koridoni anakaa wapi baada ya hapo.

Niliporudi alikuwa anatembea. Anakwenda mpaka mlango wa mbele anarudi, anamwimbia mtoto kwa Kizaramo, amejifunga kanga kifuani kwa mikono yake mwenyewe. Nikajibana ukutani, macho chini. Nikaona miguu yake inanipita, pamoja na vumbi jekundu la Kisarawe ambalo hata mvua ya Dar haijalitoa kwenye kucha. Kisha miguu ikasimama.

Niliinua macho kwa bahati mbaya. Alikuwa amenipa mgongo, na mgongoni Zainabu amelala, shavu limebonyea. Na mama akageuka. Mwili haukugeuka. Kiligeuka kichwa peke yake, taratibu, mpaka kidevu kikafika begani, na kanga hakuivuta. Akanitazama usoni. Ana macho ya Mwanaidi, sikuwa najua.

"Unaona, mwanangu?" akasema.

"Naona, mama."

Akarudisha shingo mbele, akaendelea na safari yake kuelekea uani kuwaonesha wanaoanua nguo.

Sasa naandika nikiwa kizingitini, na nyumba bado inanukia karafuu. Mwanaidi amelala kifudifudi tangu alasiri, na samaki wa kuchemsha wameliwa wote bila lawama. Kesho asubuhi nitambebea mama kikapu mpaka kwenye lori. Atapanda, atakaa juu ya magunia, atatazama chini kuniaga. Je, nitatazama vidole vyangu vya miguu kama nilivyofundishwa, au nitainua uso?