Pua ya Mutoto Usiiguse

Naviundu, Lubumbashi

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana kwako na kwa bote ba nyumba. Muko namna gani huko Mitwaba? Mugongo yako inakuacha ulale? Baba angali anakohoa, ao ile dawa ya majani ilimusaidia? Siye huku tuko bazima, Mungu anatushikilia. Célestin, baba ya mutoto, anaenda ku kazi kila siku. Maziwa yangu iko mingi, na mutoto ananyonya kama muntu mwenye bataenda kumufungia duka.

Haya, nimesalimia vizuri. Sasa uniache nikasirike.

Hii barua usome peke yako, usimupe katekista akusomee. Kwa telefone sitaki. Nikianza tu kusema, unalia, kisha ni mi tena nakutuliza, na maneno yangu inabakia mu tumbo. Karatasi hailiake.

Mudogo yangu Solange alikuja kuona mutoto siku ya Mungu, kisha misa. Alituambiaka sisi bote kama anaenda Johannesburg kutafuta bintu ya salo yake, manywele na mafuta. Kumbe! Aliingia mu lupango, mu kiwanja yetu, na miwani nyeusi, bandeji nyeupe pua yote, chini ya macho rangi ya bilinganya. Mama Ngalula, jirani yetu mwenye kuuzisha makala ya kupikia, aliacha makala yake akamufwata mbio.

«Yo! Nani alikupiga vile? Ni bwana?»

Solange hana bwana.

«Basi ni pikipiki ilikuangusha?»

«Hakuna muntu alinipiga, Mama Ngalula. Nilimuomba munganga wa kliniki mi mwenyewe, anitengeneze pua.»

Mawe! Nilikuwa nimebeba mutoto, nikamupa Célestin. Nilimupigia Solange makelele mpaka bantu ba lupango ingine banyamaza basikie. Nilimwambia: Mungu alikupa pua, uliipeleka kwa fundi kama kiatu? Unataka kuwa muzungu? Ni mwanaume gani alikutuma?

Alikaa ku kiti, akangojea nimalize. Unamujua, hapiganake.

Célestin alijaribu kutupatanisha, na alifanya mubaya zaidi. Alisema juu ya rafiki yake wa mungodi, mwenye kuchimba shaba, chuma ilimupiga ku uso, pua ikapinda, akawa anapumua kwa kinywa usiku na muchana. Banganga balimunyoosha, na hakuna muntu alimucheka. «Ule alikuwa anatafuta pumzi,» akamwambia Solange. «Weye ulitafuta nini?»

«Na mi nilitafuta pumzi,» Solange akajibu.

Kisha akanigeukia. «Bantu banasemaka ‘unataka kuwa muzungu’ juu iko rahisi kusema. Kila muntu iko na yake, yaya, mukubwa yangu. Ku kliniki nilikaa na mama moja mwenye alizaliwa na mudomo ya kupasuka mpaka mu pua, na kijana moja bwana wa mama yake alimuvunjaka pua, hakutaka tena kuona ile alama mu kioo. Mi sikupeleka foto ya muzungu. Sikupeleka foto ya muntu yeyote. Munganga aliniuliza unataka aje, nikamujibu neno moja tu: isimame.»

Isimame.

Ile neno niliijua, lakini sikukumbuka mbio nilitoa wapi.

Solange akaomba mutoto. Nilikuwa nimekasirika, lakini mama mudogo haunyimake mutoto. Akamubeba, akamuangalia. Kisha vidole vyake viwili, bila yeye kujua, Mama, naapa hakujua, vikashika pua ya mutoto, vikaanza kufinya na kuvuta, polepole, toka juu kushuka. Na akaimba: «Simama, pua, simama. Simama, bantu bakuone.»

Nilimupiga ku mukono. Mutoto akalia, Solange akalia, na machozi ikalowanisha ile bandeji.

Akaniambia: «Usinipige, yaya. Mi sijue namna ingine ya kupenda mutoto. Njo vile Mama alinipendaka.»

Ni yako, Mama! Ile wimbo ni yako! Kila asubui, kisha kuogesha Solange, unamulalisha ku magoti na kufinya pua, na mi nasimama pembeni kukushikia kachupa ka mafuta. Mi hukunifinya, juu nilitoka na pua ya Baba. Ni Solange njo alitoka na ya kwako, mpaka bantu ba Mitwaba balimuita Mama Kadogo. Hata akishakuwa mukubwa, akienda ku shule, unamuambia: «Kumbuka kufinya.» Wageni bakikuja, unasema mbele yake: «Uyu mutoto ni muzuri, ni pua tu.» Ni pua tu! Miaka yote ile, ni pua tu!

Unatufundishaka: asiyesikia ya mukubwa anavunjika muguu. Solange alisikia, Mama. Njo alivunjika pua. Ile kazi uliianza na mafuta, munganga aliimaliza na kisu.

Na sasa yangu. Nilikutumia foto ya mutoto mu telefone ya katekista. Unakumbuka jibu yako? Hukuuliza kama nilizaa vizuri. Ulisema: «Ah, muzuri. Lakini hiyo pua! Ngoja, nakuja.» Kisha ukatuma samaki ya kukauka, asali, na kachupa ka mafuta, na dreva wa lori akaniambia, mbele ya Célestin: «Mama anasema hii ni ya pua.»

Mafuta yako nilikaangia samaki yako. Ilikuwa tamu.

Niko na ulizo moja, na sikuulizi kwa kukutukana. Nani alikuambiaka wewe? Ulipokuwa mudogo, ni vidole vya nani? Juu muntu hazaliwake na hasira ya pua yake. Kuko muntu alikufinya, Mama, na mi nakasirika na yeye pia, hata kama iko mu kaburi.

Ukuje. Sikukatazi kuja, nakuhitaji, mi sijue kumufunga mutoto ku mugongo vizuri, anateleza. Utamuogesha, utamubeba, utamuimbia nyimbo ingine zote. Lakini siku vidole vyako vitafika ku pua yake, nitakupandisha mu lori ileile ilikuleta, na nitalia njia yote ya kurudia nyumba, lakini nitakupandisha.

Unisalimie Baba, umwambie apunguze tumbako. Unisalimie kaka yangu mukubwa na bibi yake, na mama mudogo mwenye alinifundisha kusuka. Solange anakusalimia. Hana hasira na wewe. Hasira yote aliniachia mi.

Mu ubatizo tulimupa mutoto jina yako. Sikukuambia, nilitaka usikie ukifika. Basi sikia sasa. Ukimuona, utaona uso yako, na mu katikati yake ile pua yako, kubwa, imelala pale vizuri, inapumua.

Mi binti yako, mwenye bantu ba Naviundu sasa banamuitaka

Mama Numbi