Sufuria ya Mama Mkwe Imeungua, Lawama Imemwangukia Rispa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumapili, maana sina raha. Mimi nimeolewa hapa Birongo, na mama mkwe ana sufuria kubwa ya stenlesi aliyonunuliwa na marehemu baba mkwe, haitoki kabatini ila kwa wageni, sasa mwezi jana alipoenda Nyacheki kumuuguza dada yake nikaitoa nichemshe maharagwe, nikasikia gari la majani chai limefika mapema, nikabeba kikapu changu cha majani mbio hadi kituo cha kuyapimia, foleni ikawa ndefu, nikasahau kabisa, na niliporudi jikoni ulikuwa moshi mtupu, maharagwe yamegeuka makaa. Nilikwangua kwa kisu mpaka mkono ukauma. Nikaificha nyuma ya ghala, chini ya majani makavu ya migomba.

Mama aliporudi akaitafuta, na kwa kuwa Rispa, mke wa shemeji yangu, anayetoka kule ziwani, aliwahi kuiazima apikie samaki, akamuuliza mbele yetu sote, "Rispa, sufuria yangu umeipeleka kwenu?" Rispa akajibu, "Mama, niliirudisha. Bitutu alikuwepo." Akanigeukia. Mimi nikainama, nikaendelea kuchambua mboga. Tangu siku hiyo Rispa hakanyagi jikoni mwa mama. Jumapili wageni wa posa ya wifi yangu Lorna wanakuja, na sufuria inaulizwa tena. Nitaisafishaje niirudishe kabatini kimyakimya?

Bitutu, Birongo

MSHAURI ANAJIBU

Bitutu, sufuria itapona. Achana na kisu, na waya wa kusugulia usiuguse. Mimina maji yafunike palipoungua, tia vijiko vitatu vya magadi soda, ile ya unga mweupe ya dukani, uchemshe robo saa. Ikipoa, kwangua kwa mwiko wa mti. Mabaki yapake magadi yaliyolowanishwa kidogo, yalale hivyo hadi asubuhi, kisha sugua kwa sponji. Madoa ya buluu yatatolewa na ndimu. Pakigoma, rudia. Ni kazi ya siku mbili, si ya hasira.

Lakini kimyakimya? Hapana, dada yangu. Kuunguza ni bahati mbaya, yeyote angesahau. Kuinama wakati mwenzako anakuita shahidi, hilo ulilichagua. Nenda kwa Rispa kwanza, umwombe msamaha. Kisha mpelekee mama sufuria, Rispa akiwepo, useme, "Ni mimi." Usitaje foleni wala gari la chai.

Jibu hili nilimsomea Bitutu kwa simu Jumatatu, maana gazeti lingemchelewesha. Ijumaa akanipigia. Sufuria imetakata, imebaki michirizi ya kisu tu. Alimwomba Rispa msamaha, ila Rispa alikataa kwenda naye kwa mama. Mama mkwe aliisikiliza habari yote, akavaa ndara, akaenda mwenyewe mlangoni kwa Rispa. "Nilikukosea, mwanangu. Jumapili nataka unipikie wewe."

Rispa amekubali kupika. Ila wewe, Bitutu, bado hakusemeshi. Hiyo ni haki yake. Wewe mmenyee ndizi, umsalimu kila asubuhi, na asipoitikia, kesho yake msalimu tena.